Ratiba ya Karani Valerian

Karatasi aliibandika kwa ugali. Alipaka ugali wa moto kwenye pembe zote, akaigandamiza ukutani juu ya kitanda, kisha akarudi nyuma kuitazama kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyetoka kumnunua mnadani.

"Isome," alimwambia mkewe.

Bernadina alijifuta mikono kwenye kaniki. Alifundishwa kusoma na masista wa misheni ya Ushirombo, akaacha alipoposwa, na mpaka leo alisoma akifuata mstari kwa kidole.

"Alfajiri kabla ya jogoo, Kiingereza," alisoma. "Jogoo akishawika, hesabu. Njiani kwenda barazani, kukariri. Jioni, Kanuni za Adhabu. Baada ya chakula, Sheria ya Ushahidi. Jumamosi kutwa, mwenendo wa kesi. Jumapili baada ya misa, kurudia yote." Kidole kilisimama. "Na kulala?"

"Kupo. Tazama chini."

Kweli kulikuwapo, pembeni, kwa herufi ndogo, palipobaki nafasi.

"Na kulima?"

"Nitampa mtu hela alime."

"Sisemi shamba letu. Nasema rika."

Valerian alikunja uso. "Rika watanielewa. Mimi si kijana wa kukimbilia ngoma kila inapolia. Mimi ni karani wa baraza."

Bernadina hakubisha. Alirudi kwenye chungu chake. Lakini alipokuwa anakoroga alijiuliza ni nani atakayekwenda kuwaambia rika hayo ya kuelewa, maana Valerian alikuwa hajamwambia mtu.

Tangazo la Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, lilisomwa barazani mwezi ule wa Oktoba. Makarani wa mabaraza ya wenyeji, mahakama za huko vijijini, waliomaliza darasa la nane wangeweza kufanya mtihani wa kuingia shule ya sheria. Atakayefaulu atasoma mwaka mmoja na zaidi kwa gharama ya serikali, na akirudi atakuwa hakimu. Hataandika tena maneno ya wengine, ataandikiwa. Mtihani ni mwezi wa Februari, Shinyanga mjini. Mwishoni kulikuwa na mstari mfupi kuhusu umri, na huo ndio uliomkosesha Valerian usingizi. Mwaka huu alikuwa bado ndani. Mwaka unaofuata angekuwa amepita.

Ratiba yenyewe alipewa na Stanslaus, karani mwenzake wa mjini, ambaye naye alikuwa anajiandaa. Stanslaus aliinakili kutoka kwenye kijitabu cha Kiingereza. Alikuwa akiishi katika nyumba za serikali, akila kwenye hoteli ya Mwarabu, hana mke, hana shamba, na jirani yake wa karibu alikuwa stoo ya posta. Kwake ratiba ile ilitosha vizuri. Valerian aliichukua kama ilivyo, akaja nayo kijijini, nje kidogo ya Tinde, kwenye nyumba ya udongo yenye ua wa minyaa, mke mmoja, mtoto mmoja aitwaye Paskazia, na rika.

*

Mvua za kwanza zikanyesha na ngoma ya rika ikalia.

Utaratibu wa rika ulikuwa hivi. Kila mji hutoa mwanamume wake na jembe lake. Leo wanalima kwa huyu, kesho kutwa kwa yule, mpaka mzunguko uishe, kisha wanaanza tena kwa palizi. Mwenye shamba anapika. Kiongozi wao huitwa nsumba ntale, mkuu wa vijana, ingawa Mabula, aliyekuwa na cheo hicho, alikuwa na mvi. Alikuwa mfupi, mpana kifuani, na mdomo wake ulijulikana mpaka ng'ambo ya mbuga.

Valerian alimwita Theonest. Huyu alikuwa amerudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita na kikohozi, hana kazi, akishinda barabarani Tinde akingoja bahati. Alimpa shilingi moja na jembe lake mwenyewe.

"Nenda ukalime kwenye nafasi yangu."

Theonest akaenda. Watu walikuwa wameshajipanga mstari, Mabula akiwa mbele.

"Jembe hili nalijua," Mabula alisema. "Mikono siijui."

"Nimetumwa na karani."

"Karani amekufa?"

"Hapana. Anasoma."

"Mtu mzima anasoma nini?"

"Sheria."

Mstari mzima ukacheka. Mabula hakucheka. Alilichukua jembe, akaligeuza, akalitazama mpini uliolainishwa na mikono ya Valerian, na ya baba yake Valerian kabla yake.

"Mwambie hapa si mgodi wa Wazungu. Hatuandiki vibarua," alisema. "Wewe kaa ule kwanza, umetembea. Kisha umrudishie jembe lake."

Theonest alikula akashiba, akarudi, akaliegemeza jembe kwenye ukuta wa nyumba ya karani.

"Wamekataa," alisema.

"Na shilingi yangu?"

"Shilingi yako hairudi. Kwenda nimekwenda."

Valerian aliona ni ushamba tu wa watu wa kijijini. Aliingia ndani, akaitazama ratiba, akaona amechelewa kuanza hesabu.

*

Wiki chache baadaye alifariki mama yake Nkwabi, jirani wa upande wa pili wa minyaa.

Valerian alikwenda msibani, na wala si kwa kujionyesha. Bibi yule alimjua tangu anatambaa. Alibeba jembe, akavua koti, akaingia kwenye zamu ya kuchimba. Lakini chini palikuwa na mwamba, na wachimbaji walipaswa kuupasua kidogo kidogo kwa mtaimbo. Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Jumamosi kutwa, mwenendo wa kesi. Zamu yake ilipoisha alijiambia kwamba shimo bado sana, kwamba nyumbani ni hapo tu, kwamba atasoma kidogo kisha arudi kabla ya kuzika. Alitazama saa yake ya mkononi. Kila aliyekuwa pale kaburini alimwona akiitazama.

Alisoma ukurasa mmoja. Ukurasa ule ulimalizikia katikati ya maelezo, akafunua wa pili ili ayamalize. Mambo yalikuwa yanaingia vizuri siku hiyo kuliko siku zote. Alipokuja kusikia, sauti za wanawake zilikuwa zimebadilika. Hazikuwa tena za kulia, zilikuwa za watu wanaotawanyika. Alitoka mbio.

Aliwakuta wanakung'uta udongo mikononi. Serafina, mke wa Nkwabi, alikuwa amekaa chini na kichwa kimefungwa. Aliinua macho akamwona karani anakuja anahema, kitabu mkononi, kidole kikiwa bado katikati ya kurasa kisipoteze mahali.

Mabula alitema mate pembeni.

*

Asubuhi ya pili Bernadina alikwenda kisimani.

"Mwangaluka," aliwaamkia wenzake.

Wanawake waliendelea kuchota. Alidhani hawakusikia, akarudia. Mmoja alijifunga upya nguo yake. Mwingine alimwambia mwenzake habari za kuku. Bernadina akaelewa.

Alijaza mtungi. Mtungi uliojaa haupandi kichwani kwa mtu mmoja. Lazima mwenzio ashike upande wa pili. Alisimama nao miguuni, akingoja. Wakanyanyuliana wao kwa wao, mmoja baada ya mwingine, wakaondoka. Serafina alikuwa wa mwisho. Walikuwa wamepikiana uji wa uzazi, hawa wawili. Walikuwa wanaazimana chumvi kupitia tundu la ua. Serafina alisimama kidogo, akamtazama kwa macho mekundu, kisha akaenda zake.

Bernadina alimwaga maji nusu ndipo akaweza kuubeba.

Siku zile zilikuwa hivyo. Moto ukizimika, hakuna wa kumpa kaa. Ilibidi anunue viberiti dukani. Paskazia alirudi kutoka kucheza akasema wenzake wamekatazwa. Mwanamke aliyechukua kinu chake kwa kuazima alikirudisha, akakiweka nje ya ua bila kubisha hodi. Kutengwa ni hivyo, hakuna anayekupiga.

Valerian hakuihisi sana adhabu hiyo. Yeye alitoka asubuhi akaenda barazani, na huko watu wa vijiji vingine walimwamkia, "Shikamoo karani," wakamngojea mlangoni. Jioni alirudi kwenye kitabu. Bernadina alimweleza habari za mtungi mara moja, naye akasema, "Wapuuzi hao," akafunua ukurasa.

Lakini jambo lile lilimkaa, kwa sababu siku ya tatu alirudi ana furaha ambayo mkewe hakuiona kwa muda mrefu.

"Nimepata," alisema, akigonga kitabu kwa vidole. "Hakuna mtu mwenye ruhusa ya kumwadhibu mtu isipokuwa mahakama. Hakuna! Rika si mahakama. Nitamshtaki Mabula."

Bernadina alikuwa anapepeta mtama. Aliendelea kupepeta.

"Utashinda?"

"Nitashinda mchana kweupe."

"Halafu?"

"Atalipa faini."

"Halafu?"

"Halafu nini tena?"

"Halafu mimi nitakwenda kisimani," alisema Bernadina. "Hiyo hukumu itamlazimisha Serafina aninyanyulie mtungi?"

Valerian alikifunga kitabu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "Kwa hiyo unataka niache mtihani."

"Sijasema hivyo. Usiniandikie maneno ambayo sijayasema, Baba Paskazia. Wewe ni karani." Aliweka ungo chini. "Mimi nataka ufaulu kuliko unavyotaka wewe. Lakini ukifaulu utaondoka, mwaka mzima na zaidi. Mimi nabaki hapa na mtoto. Hiyo kesi utaishinda wewe, nitaitumikia mimi."

Valerian alikigeuza kitabu mkononi. Kilikuwa kitabu kizuri, chenye jalada gumu, na kilimpa haki. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba haki alikuwa nayo.

*

Valerian aliwafuata watu wa rika kwenye shamba la mtu mmoja karibu na mbuga, wakati wa mapumziko, watu wamekaa kwenye matuta wanakula. Alikuja na jembe lake begani.

"Mwadila," aliwaamkia, kwa salamu ya mchana.

Wakaendelea kula.

"Kuna mtu anaongea?" Mabula aliuliza wenzake.

"Mimi nasikia upepo tu," alisema mmoja.

"Upepo unanuka wino," alisema mwingine, na kicheko kikapita mstarini.

Valerian alisimama. Jua lilikuwa kali, naye alikuwa amevaa viatu, na udongo mweusi uliviganda mpaka akawa kama amevaa mizinga ya nyuki. Mtu ambaye Valerian aliwahi kumwandikia kesi yake ya mbuzi, naye akamshukuru kwa kuku, sasa alikuwa anachokonoa meno akitazama viatu vile.

Mwisho Nkwabi, mwana wa marehemu, ndiye aliyeingilia. "Mwacheni aseme."

"Nimekosa," Valerian alisema.

"Umekosa nini?" Mabula aliuliza. "Wewe ndiye unayeandika makosa ya watu. Siku zote unatuuliza: kosa gani, siku gani, mbele ya nani. Haya. Taja."

Jasho lilimshuka Valerian shingoni. "Nilituma jembe bila mkono wangu."

"La kwanza."

"Nikaondoka kaburini kabla mama hajalazwa."

"La pili. Ulikwenda wapi?"

"Kusoma."

"Wakubwa, mmesikia? Kusoma." Mabula alinawa mikono taratibu, hana haraka. "Ungesema umekwenda kuumwa tumbo ningekusaidia. Lakini umesema kweli, tatizo ni hilo."

Wakacheka tena, na safari hii kicheko kilikuwa na mlango. Walimtoza mbuzi. Tena atalima kila ngoma inapolia mpaka palizi iishe, na akikosa mara moja, anaanza upya kutengwa.

"Kuna siku ya mtihani," Valerian alisema. "Februari."

"Februari ni mbali," Mabula alisema. "Vua viatu hivyo."

*

Mbuzi alipokwisha kuliwa, Bernadina aliibandua karatasi ukutani. Ilitoka kwa urahisi. Panya walikuwa wameufuata ugali, wakala pembe ya chini yote, ile iliyoandikwa kulala.

"Hata panya wameona haina kazi," alisema.

Ilikuwa Jumapili mchana. Walikaa nje kwenye kivuli cha nyumba, vitabu vimepangwa juu ya mkeka. Valerian alikuwa na mikono yenye malengelenge na uso wa mtu aliyeshindwa kabla ya kuanza.

"Siku zote za rika zimekwenda," alisema. "Kazi ya baraza iko palepale. Sioni muda uko wapi."

"Tuanze upande mwingine. Katika hivi vitabu, ni nini ambacho hutakisoma?"

"Vyote nitavisoma. Huwezi kujua wataulizaje."

"Baba Paskazia, kitabu hiki umekianza Oktoba. Umefika wapi?"

Akamwonyesha. Bernadina alizishika kurasa alizosoma kwa vidole viwili, halafu akazishika zilizobaki kwa kiganja kizima.

Ilimchukua Valerian karibu mchana wote. Kuacha kulimuuma kuliko kulima. Kila sura aliyoigusa aliitetea kama ndugu yake. Lakini alipolazimika kusema, alijikuta anajua zaidi kuliko alivyodhani. Mwenendo wa kesi alikuwa anauona kila siku barazani kwa macho yake. Huo ulihitaji kuguswa tu. Kanuni za Adhabu zilikuwa mzigo mkubwa, hizo lazima. Kiingereza kilikuwa udhaifu wake, hicho lazima kila siku, japo kidogo. Sheria ya Ushahidi aliigawa katikati, akaiacha nusu ya mwisho. Hesabu za riba aliziacha kabisa, huku akilaani.

"Na ukiulizwa hizo?"

"Nitakosa."

"Basi ushajua utakosa wapi. Andika."

Akaandika kwenye karatasi nyingine, ndogo. Alfajiri, insha fupi ya Kiingereza, moja tu. Njiani, kifungu kimoja, akitamke mpaka kikae. Jioni, Bernadina akiwa anasaga, amsomee kwa sauti kisha amweleze kwa maneno ya kawaida. Siku ya ngoma, kifungu kile kile cha jana, hakuna kipya.

"Na Jumapili?"

"Jumapili hakuna kitu," Bernadina alisema.

"Kurudia angalau..."

"Andika: hakuna kitu."

Akaandika. Safari hii karatasi ilibandikwa kwa utomvu wa minyaa, ambao panya hawaugusi.

*

Ratiba ya pili ilikuwa na matatizo yake. Kuna jioni Valerian alisinzia na kitabu usoni kabla mkewe hajamaliza kibaba cha unga. Mkono uliotoka kushika jembe ulitetemeka kwenye kalamu, na karani mkuu wa baraza alimrudishia maandishi yake mbele ya watu, akamuuliza kama yameandikwa na kuku. Siku nyingine hakujifunza chochote. Lakini karatasi ilikuwa ndogo kiasi kwamba hata akiikosa leo, kesho aliweza kuishika tena. Ile ya kwanza ukiikosa asubuhi, jioni ulikuwa na deni la siku tatu.

Mstarini Nkwabi alikuwa analima upande wake wa kulia. Siku moja alisimamisha jembe.

"Unanung'unika nini wewe? Unaturoga?"

"Nakariri wizi."

"Wizi unakaririwa? Mimi shemeji yangu aliujua bila shule."

"Sheria inasema mwizi ni yule anayechukua kitu cha mwenzake kwa nia ya kukichukua moja kwa moja, bila haki."

"Ngoja," alisema mtu wa upande wa pili. "Mbuzi wa Mabula ameingia kwangu mwenyewe, kwa miguu yake. Nimemchukua?"

"Umemrudisha?"

"Nimemla."

"Basi wewe ni mwizi!" Mabula alipiga kelele kutoka mbele, na mstari mzima ukaingia kwenye ubishi uliodumu mpaka mwisho wa shamba. Kuanzia hapo hawakumwacha. Kila siku walidai kifungu, wakakigeuza, wakakitania, wakamwekea shemeji zao na ng'ombe wao ndani yake. Mara nyingi walipotoka kabisa nje ya mada, akarudi nyumbani kichwa kimevurugika. Lakini vile vilivyokaa, vilikaa.

Kisimani, Serafina alikuwa amerudi kushika mtungi upande wa pili. Mwanzo bila kusema. Kisha akasema, "Mume wako ameniharibia Nkwabi. Anarudi ananiuliza nia yangu ni nini kila nikichukua hela ya sukari."

*

Barua ya tarehe ya mtihani ilipofika, Valerian aliisoma mara mbili, akahesabu mzunguko wa palizi kwa vidole. Siku ya mtihani ilikuwa siku ya shamba lake mwenyewe.

Alikwenda kwa Mabula na mkewe nyuma yake. Mabula alikuwa anasuka kamba.

"Zamu haihamishwi," alisema. "Nikimhamisha mmoja, wote watataka. Na mwenye shamba asipokuwepo, shamba linarukwa. Unajua hivyo tangu mtoto."

"Pamba itamezwa na majani."

"Najua. Sikuitunga mimi sheria hii."

Valerian alitazama chini. Pamba ile ndiyo ingemlisha mkewe akiwa hayupo. Ikirukwa, hata akifaulu hawezi kuondoka.

"Mwenye shamba atakuwepo," Bernadina alisema.

Mabula alimtazama. "Yupi?"

"Mimi. Aliyezipanda mbegu ni nani? Aliyepalilia peke yake mlipotutenga ni nani?"

"Rika la wanaume linapokewa na mwanamume, Mama Paskazia."

"Mkaribishaji si anayepika? Au siku zote mlikuwa mnakula nini?"

Mabula alisuka kamba mapindo kadhaa. Alisema, "Tutaona siku hiyo," na kwa mdomo kama wake hilo lilikuwa jibu fupi sana.

Siku yenyewe Valerian aliondoka na basi la kwanza kutoka Tinde. Mlangoni aligeuka kama anayetaka kusema kitu kuhusu shamba, na mkewe akamwambia, "Nenda. Leo la kwako ni moja tu."

Chumba cha mtihani kilikuwa na madirisha makubwa. Stanslaus alikaa mbele yake, mashavu yamebonyea, shati limempwaya. Karatasi zikagawanywa. Valerian alizisoma zote kwanza bila kushika kalamu. Swali la nne lilitoka kwenye ile nusu ya Ushahidi aliyoiacha. Swali la hesabu lilikuwa la riba. Haya alikwisha kuyakosa tangu Desemba. Akapita. Akaanza na wizi, na alipoandika neno nia alisikia kabisa sauti ya Nkwabi, akatabasamu peke yake, msimamizi akamkazia macho.

Nyumbani Bernadina alikuwa amepika tangu alfajiri. Vyungu viwili vya ugali na kimoja cha mlenda na karanga, na maziwa ya mgando yaliyoombwa kwa Serafina. Jua lilipanda. Hapakuwa na ngoma. Serafina alikuja akasimama naye uani, wakatazama njia.

"Nkwabi ametoka na jembe," Serafina alisema. "Lakini hakusema anakwenda wapi."

Bernadina alingoja kidogo tena. Kisha akachukua jembe, akaingia kwenye mstari wa kwanza wa pamba, akaanza. Kama watakuja, watakuta kazi imeanza. Kama hawaji, majani yako palepale. Alifika nusu ya mstari wa pili, mgongo umeanza kuuma, ndipo aliposikia ngoma upande wa mbuga. Hakuinuka mara moja. Alimaliza mche aliokuwa nao.

Walikuja kwa mstari, wanaimba, majembe yanarushwa juu na kudakwa. Mabula alisimama kwenye mpaka wa shamba. Alitazama vyungu, akatazama mistari iliyokwisha kupaliliwa, akamtazama mwanamke mwenye udongo mpaka magotini.

"Mwenye shamba," alisema, kwa sauti ya kusikika na wote, "tuanzie wapi?"

*

Majibu yalifika pamba imeshapasuka. Valerian alikuwa miongoni mwa waliochukuliwa, karibu na mwisho wa orodha. Stanslaus alikuwa juu.

Siku ya kuondoka, watu wachache walimsindikiza mpaka barabarani Tinde. Mabula ndiye aliyebeba sanduku, begani, akikataa kupokewa. Walipofika alilitua, akajifuta jasho.

"Nikuulize kitu, hakimu."

"Bado si hakimu."

"Hivyo hivyo. Nimesikia kwamba rika halina ruhusa ya kumtoza mtu mbuzi. Kweli?"

"Kweli."

"Siku ile ulipokuja na viatu vyako, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ungenishtaki, ningefungwa?"

"Ungelipa faini."

Mabula alilitafakari hilo. "Sasa kwa nini hukunishtaki?"

Valerian alimtazama Bernadina, aliyekuwa anamfunga Paskazia kitambaa cha kichwa na kujifanya hasikii. "Mama Paskazia alinikataza."

Wanaume wakacheka, Nkwabi mpaka akashika magoti. Mabula alicheka nao, kisha akaacha kabla yao.

"Na ukirudi, ukaletewa mkuu wa rika aliyemtoza mtu mbuzi, utafanyaje?"

Vumbi la basi lilikuwa limeonekana mbali. Valerian alikuwa na nafasi ya kusema lolote la kupendeza, na basi lingemwondoa.

"Nitamhukumu," alisema. "Lakini nitawaita kwanza wakae, nione kama hawawezi kuyamaliza wenyewe."

Mabula alimtazama sana, akatikisa kichwa. Haikujulikana amekubali au amesikitika. Basi likasimama. Alilinyanyua sanduku peke yake, akamkabidhi utingo juu ya paa, akasimama kando mpaka vumbi likatulia.

Kisha akamgeukia Bernadina, ambaye macho yake yalikuwa bado barabarani.

"Mama Paskazia. Kesho tunapura mtama kwa Nkwabi. Usichelewe."

"Nimewahi kuchelewa?" Bernadina alisema, akamshika mtoto mkono, wakaanza kurudi.